Jinsi ya kuzinasa protini zinazoisambaza saratani ya kongosho

Saratani ya kongosho mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshafika kwenye ini, ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wangu wa maabara kipimo hiki. Seli zake humwaga nje protini, na baadhi, kama TGF-beta, huzifanya seli hizo zilegeze mshikamano na kuanza kutembea.

Kuza seli za PANC-1 (aina ya seli za saratani ya kongosho zinazokuzwa maabara) hadi zifunike asilimia 80 hivi ya chombo. Zioshe mara mbili, kisha zipe lishe isiyo na seramu (majimaji ya damu yenye protini nyingi) kwa saa 24. Hapa msiharakishe, jamani: seramu ikibaki, protini zake zitazifunika zile mnazozitafuta na kazi yote itapotea. Kusanya majimaji, yazungushe kwenye sentrifuji, yachuje.

Yaweke chini ya kikombe chenye utando wa matundu ya maikromita 8, na juu ya utando weka seli nyingine. Kesho yake futa zilizobaki juu, tia rangi zilizovuka, zihesabu. Linganisha na lishe ambayo haikugusa seli yoyote.

Rudia ukiongeza kingamwili (protini inayoshika kitu maalumu) inayozuia TGF-beta. Zikivuka chache, protini hiyo ina mkono wake. Kando yake jaribu kingamwili isiyolenga chochote, usije ukaisingizia.