Inama usome tairi kabla hujatoa hela

Muuzaji wa baiskeli za mtumba akikuona unakuja, atakusifia vitu vitatu: rangi, wingi wa gia, na kwamba ni "Mjapani". Mwache aseme, ndiyo kazi yake. Wewe inama, futa vumbi ubavuni mwa tairi la nyuma, usome namba. Hiyo ndiyo itakayoamua kama mwakani utakuwa bado unaendesha, au baiskeli itakuwa nyuma ya nyumba kuku wanalalia siti.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko karibu na Double Road hapa Moshi na nakaa Pasua, kwa hiyo asubuhi napanda, jioni nashuka, na sare za shule nikimaliza kushona nazipeleka mwenyewe hadi mtaa wa Shanty Town na hospitali ya KCMC. Wateja wakinikuta nafunga kufuli huanza maswali. Wengi wanakuja na majibu ya kijiweni tayari, na mengi si kweli. Nimeona bora niyaandike mara moja, maana kubishana juu ya gia huku napima kiuno cha mtu kunaniharibia kazi.

Turudi kwenye namba. Mjini kwetu saizi ziko mbili tu midomoni mwa watu, 26 na 28. Ukienda dukani ukasema nipe tairi la 26, utapewa, na kuna uwezekano mkubwa lisikubali. 26 ni jina la ukoo, si la mtu. Ndani ya ukoo huo kuna 26 x 1.95 na 26 x 2.125, zilizoandikwa kwa nukta. Hayo ni matairi manene ya baiskeli za gia, na mahali linapokaa tairi kwenye ringi kuna kipenyo cha milimita 559. Halafu kuna 26 x 1 3/8, iliyoandikwa kwa sehemu, ambayo ndiyo ya zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele. Hiyo ni milimita 590. Tofauti ni milimita 31, sentimita tatu nzima. Hakuna bisibisi ya kulazimisha hapo.

Kwenye 28 ni hivyo hivyo. Phoenix ya Kichina na zile nyeusi za Kihindi zinatumia 28 x 1 1/2, kipenyo milimita 635. Nyingi zinazotoka Uholanzi na Ujerumani huitwa 28 pia, au 700C, lakini kipenyo chake ni 622. La ajabu, baiskeli mpya za vijana zinazoitwa 29 nazo ni 622. Kwa hiyo mwenye 29 na mwenye 28 ya Mzungu ni ndugu, na mwenye 28 ya Phoenix si ndugu yao.

Usikariri hayo yote. Tafuta ubavuni namba ndogo yenye kistari: 37-590, 50-559, 40-635. Ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo. Unene ukipishana kidogo utavumilika kama foku na madigadi vina nafasi. Kipenyo lazima kilingane. Piga picha kwa simu, mwambie muuzaji unarudi, kisha nenda kwa fundi wa mtaani kwako, yule utakayemkimbilia siku ya pancha, umwoneshe. Akisema tairi na tyubu yake anayo ukutani, endelea na biashara. Akisema itabidi aagize Arusha au Dar, jua bei halisi ya ile baiskeli imepanda, hata kama muuzaji amekushushia.

Shemeji yangu, mume wa dada, alinunua moja ya Uholanzi, nzito, imara, nzuri hasa. Tairi lilipochanika alipelekewa la Phoenix. Nilikuwepo. Liliingia kwa vidole viwili, bila kutumia hata spana ya kukwanyulia, na fundi akafurahi. Walipojaza upepo, upande mmoja ulianza kutoka nje taratibu, tyubu ikachungulia nyeusi, na kabla mtu hajasema "toa pampu" ikapasuka, wazee wa bao wakainuka wote. Tairi zuri huwa linagoma kidogo likifika mwishoni. Likiingia kirahisi mno, liogope.

Ukaguzi mwingine ni wa dakika chache. Inua gurudumu la mbele uzungushe usukani polepole. Ukihisi unakwama na kujifunga palepale katikati, bakuli za gololi za shingoni zimekula. Shika tairi kwa juu ulitikise kushoto na kulia, likicheza ujue koni, vile vyuma vinavyobana gololi za gurudumu, zimelegea au zimeisha. Shika mikono ya pedeli, sukuma na vuta kuelekea fremu, nayo isicheze. Kwenye zile za kizamani angalia kotapini, ile pini inayokaza mkono wa pedeli, kama kuna mlio wa "tak" kila mzunguko ni huyo. Pitisha kidole chini ya fremu nyuma tu ya shingo, ambapo rangi ikiwa imejikunja au imepasuka kwa mstari, gurudumu la mbele liliwahi kukutana na ukuta. Hiyo waachie.

Cheni naipima kwa tepu yangu ya kazini. Pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo ukianza katikati ya pini moja, inchi 12 kamili inapaswa kuangukia katikati ya pini nyingine. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, cheni imechoka, na huenda imeshakula meno ya fiwili, ile sahani ya meno ya gurudumu la nyuma. Mwambie muuzaji hivyo kwa upole huku tepu iko mkononi. Bei huwa inashuka yenyewe.

Na mkikubaliana, andikishaneni. Namba ya fremu imegongwa kwenye chuma, mara nyingi chini pale pedeli zinapopita, au chini ya siti. Iandikeni kwenye karatasi na majina yenu, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Muuzaji anayesema "mangi, haya mambo ya karatasi ya nini, tunaaminiana" ana sababu yake.

Sasa gia. Watu wanaamini 21 ni bora kuliko 6, na 6 ni bora kuliko moja. Hizo 21 ni sahani tatu za meno za mbele mara saba za nyuma, na nyingi zinarudiana, yaani mguu unapata uzito uleule kwa njia mbili. Cha kuangalia ni ile nyepesi kuliko zote: mbele dogo, nyuma kubwa. Mji wetu umelala kwenye mteremko wa mlima, ukielekea kaskazini unapanda tu, Kibosho ndiyo usiseme, na ukielekea kusini, Njoro, Pasua hadi kiwanda cha sukari cha TPC, unashuka. Anayekaa na kufanya kazi huku chini hana haja ya gia kabisa. Anayepanda kila siku anahitaji moja nyepesi kweli, hizo nyingine ni za maonyesho. Kama una Phoenix na kilima kinakushinda, usiiuze. Mwambie fundi akubadilishie fiwili ya nyuma, aweke yenye meno zaidi. Utaenda polepole kwenye tambarare, lakini utafika Shanty Town umekaa kwenye siti.

Shokapu za mbele za bei ya chini sizipendi. Ni nzito, zinameza nguvu yako ukiwa unapanda, na zikishaanza kuvuja hakuna anayezitengeneza. Tairi nene lenye upepo sahihi linafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Breki ndipo penye imani mbaya kuliko zote. "Usishike ya mbele, itakurusha." Ukifunga breki, uzito wa mwili unahamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linaloshika barabara na la nyuma linakuwa jepesi na kuserereka. Anayetumia ya nyuma peke yake anasimama mbali sana. Bonyeza zote mbili, ya mbele ukiiongeza taratibu, huku umerudisha makalio nyuma na mikono imekaza. Kinachorusha watu ni kuibana ghafla. Kwanza lakini ujue ipi ni ipi: kwenye baiskeli za Japani mkono wa kulia ndio wa mbele, nyingi za Ulaya bara ni wa kushoto. Jaribu ikiwa imesimama.

Zile za Kijapani breki ya nyuma mara nyingi iko kwenye kisahani katikati ya gurudumu, na inapiga kelele mtaa mzima. Kuna vijana wanaidondoshea oili ili inyamaze. Itanyamaza, na haitashika tena. Kama inalia, ilie. Kama inakukera, fundi abadilishe mkanda wa ndani.

Kwenye masika, Machi hadi Mei, ringi ya chuma ikilowa breki za mpira zinateleza vibaya. Ya alumini ina nafuu kubwa. Kuzijua mimi hutumia sumaku yangu ya kuokotea pini: ikinasa, ni chuma. Mwenye ringi ya chuma aanze kugusa breki mapema, kwa wepesi, ili zifute maji kwanza, ndipo akaze. Ukitoka KCMC kwenye mvua na ringi za chuma, anza kujiandaa kabla hujaona sababu.

Barabarani tunakaa kushoto, pamoja na magari. Najua wengi wanapanda wakikabili magari "ili niyaone yakija". Hayo ni ya mtembea kwa miguu. Dereva anayetoka barabara ya pembeni akitaka kuingia kushoto anaangalia kulia kwake, magari yanakotoka, na wewe unamjia kutoka upande ambao hakuangalia. Halafu piga hesabu: gari likiwa kilomita 40 kwa saa na wewe 15, likija nyuma yako linakukaribia kwa 25. Mkikabiliana ni 55. Muda wa wote wawili kufikiri umekatwa zaidi ya nusu.

Usijibanze mtaroni pia. Ukikaa ukingoni kabisa dereva anaona nafasi ya kupita hata pasipo na nafasi, na ukiyumba unaingia kwenye mtaro. Acha karibu mita moja. Magari yaliyoegeshwa yapite kwa umbali wa mlango uliofunguliwa. Hiace ikisimama kituoni usipenye kushoto kwake, huko ndiko abiria wanakoshukia, na konda atakutukana kwa haki. Reli ivuke ukiwa umeikabili moja kwa moja, ukikatiza kwa mshazari tairi litaingia kwenye mfereji wake.

Kwa akina mama na mabinti, maana haya naulizwa kwa kunong'onezwa. Baiskeli haimwondolei mtu ubikira. Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walishatamka 2018 kwamba hakuna kipimo cha mwili kinachoweza kuonesha kama mtu amewahi kulala na mtu. Ukihisi ganzi sehemu za chini, uwe mwanamke au mwanamume, pua ya siti imeelekea juu, ilaze iwe sawa. Kuhusu nguo, hapa ndipo namsifu Mjapani: ana kava la cheni, na fremu yake imeinama katikati, unapanda na sketi bila sarakasi. Dera bado lina upana wa kuingia kwenye spoku. Likunje ulibane kwa kibanio cha nguo. Nimeshashona marinda ya kutosha yaliyoliwa na gurudumu.

Siti ya chini mno ndiyo inayoua magoti. Watu wanataka nyayo zote mbili zigote chini wakiwa wamekaa, eti ndiyo usalama. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukiendesha kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukisimama, unashuka kwenye siti.

Upepo ukiisha usiku kucha bila kuona mwiba, usikubali haraka kubandikwa kiraka. Phoenix na Mjapani wana valvu yenye kimpira chembamba ndani, kinachokauka na kupasuka. Paka mate mdomoni mwa valvu. Yakitoa povu, badilisha kimpira, ni hela ya pipi. Ukikuta matundu mawili yamekaa sambamba kwenye tyubu, si mbigili hizo, ni ringi imeing'ata kwenye jiwe kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, palepale ulipoinama siku ya kwanza, na kidole gumba si kipimo.

Oili chafu ya gari usiweke kwenye cheni, ina vumbi la chuma na inakamata vumbi jingine. Ya kupikia inagandamana. Oili ya cherehani ni nyepesi mno, inakauka upesi, nasema hivi nikiwa nayo chupa nzima mezani. Tumia oili safi ya injini, tone moja kila kiungo, zungusha pedeli, kisha futa kwa kitambaa hadi nje ibaki kavu. Na usiipeleke kwa wanaoosha bodaboda kwa mashine ya presha. Maji yanapenya kwenye gololi, grisi inatoka, na kutu inaanza kazi ndani ambako huoni. Ndoo moja na brashi vinatosha.