Bunduki yako imeegemea nini?
Kama risasi zinaingia katikati ya shabaha ukipiga ukiwa mezani, kisha porini zinapanda juu, usikimbilie kugeuza skrubu za darubini. Angalia kwanza bunduki ililala juu ya nini. Bunduki huanza kurudi nyuma risasi ikiwa bado ndani ya mtutu, na jinsi bunduki inavyoruka hutegemea egemeo. Mfuko wa mchanga humeza mshtuko. Jiwe, zege au boneti ya gari huirusha, na mara nyingi risasi hupiga juu. Miguu miwili ya kukunja inayofungwa mbele ya bunduki nayo hudunda kwenye sakafu ngumu. Iweke juu ya udongo au mkeka, uisukume mbele kidogo kwa bega, itatulia.

Mtutu wenyewe usiguse kitu. Egemeza ubao ulio chini yake, na ukikosa mfuko tandika koti au kofia. Kitako pia kinataka mfuko mdogo. Wengi hukisahau, kumbe ndiko kuyumba kunakoanzia.

Kwenye uwindaji wa Tanzania fimbo za miguu mitatu za kuegemezea bunduki ndizo zinazotumika sana, kwa hiyo hakiki shabaha ukiwa umesimama na fimbo hizo hizo, kwenye uwanja wenye tuta la kuzuia risasi.