Kuandika Majaribio ya Kidhibiti cha Kubernetes

Unapoandika kidhibiti cha Kubernetes (programu inayofuatilia vitu vilivyomo kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena, na kuvifikisha kwenye hali inayotakiwa) kwa lugha ya Go, anza majaribio yake na envtest, zana ambayo huwasha seva ya API na etcd (hifadhidata ya Kubernetes) tu kwenye kompyuta yako. Kumbuka kwamba humo hamna kubelet (programu inayowasha kontena kwenye kila mashine) wala vidhibiti vya kawaida vya klasta: Deployment (agizo la kuendesha kontena) utakayoiunda itahifadhiwa, lakini hakuna kontena litakalowashwa, na ukifuta kitu kinachomiliki vingine, vile vinavyomilikiwa vitabaki palepale.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi, na linalonisikitisha kwa sababu linaepukika, ni kuweka time.Sleep (kusubiri kwa muda uliopangwa) kisha kukagua matokeo. Kidhibiti hufanya kazi kwa wakati wake, hivyo jaribio lililofaulu leo kwenye mashine yenye kasi linaweza kufeli kesho kwenye mashine iliyolemewa. Tumia Eventually ya Gomega (maktaba ya Go ya kukagua matokeo ya majaribio), inayorudia kuuliza mpaka sharti litimie. Ila muda wake wa msingi ni sekunde 1 tu, kwa hiyo taja muda wazi, pamoja na kila baada ya muda gani iulize (hali hapa ni function inayosoma hali ya kitu):

Eventually(hali, "30s", "250ms").Should(Equal("Tayari"))

Ukitaka kuthibitisha kwamba jambo fulani halitokei, tumia Consistently, inayohakikisha sharti linabaki kweli kwa muda wote uliotaja.

Yanayohitaji kontena halisi yapeleke kwenye kind, zana inayounda klasta ya Kubernetes ndani ya kontena kwenye kompyuta yako:

kind create cluster --name majaribio
kind load docker-image kidhibiti:jaribio --name majaribio

Usiipe taswira (image) ya kontena lebo ya latest, kwa sababu Kubernetes, usipoipangia vingine, itajaribu kuivuta kutoka mtandaoni badala ya kutumia uliyoipakia. Mwishoni endesha go test ./... -count=1, ili Go isikurudishie matokeo ya zamani iliyoyahifadhi.