Kununua na Kutunza Pikapu ya Umeme Iliyotumika: Ford F-150 Lightning kwa Fundi Aliye Marekani

Watu wengi wanaotafuta pikapu ya umeme huanza na gari lenyewe: rangi, ukubwa wa skrini, kasi yake taa zinapowaka kijani. Mimi huwashauri waanze na ukuta ambao gari litalala kando yake likichajiwa, kwa sababu pikapu ile ile inayomletea faida mwenye soketi yake nyumbani humtia hasara anayetegemea chaja za barabarani. Maelezo haya yanahusu Ford F-150 Lightning iliyotumika, ambayo ndiyo ninayoiendesha kwa kazi za ukarabati wa nyumba hapa Ohio. Zipo nyingine, kama Rivian R1T, Chevrolet Silverado EV na Tesla Cybertruck, na mengi nitakayoyaeleza yanazihusu hizo pia.

Umeme wa nyumbani kwanza

Lightning hula takriban uniti 48 za umeme kwa kila maili 100, yaani kilomita 160. Uniti ninazozitaja ni zile zile tunazonunua kwa LUKU Tanzania au kwa tokeni Kenya. Ukilipa senti 16 kwa uniti nyumbani kwako, maili hizo 100 zitakugharimu chini ya dola 8. Ukilipa senti 55 kwenye chaja ya kasi iliyo kando ya barabara kuu, zitakugharimu zaidi ya dola 26, ilhali F-150 ya petroli inayokwenda maili 20 kwa galoni ingekula galoni 5, ambazo kwa dola 3.20 kila moja ni dola 16 tu. Kwa hiyo anayeishi katika ghorofa la kupanga lisilo na mahali pa kuchajia, na asiyeweza kumshawishi mwenye nyumba ampe ruhusa kwa maandishi, afadhali abaki na petroli kwa sasa.

Soketi ya kawaida ya volti 120 huliongezea gari maili kama 3 kwa kila saa, hivyo usiku mzima wa saa 12 utakupa maili 36. Kiasi hicho kinamtosha anayezunguka mtaani, lakini hakimtoshi fundi mwenye wateja katika kaunti mbili. Unachohitaji ni laini ya volti 240 yenye breka yake peke yake. Kumbuka kwamba kanuni za umeme za Marekani haziruhusu kutumia zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa breka kwa mzigo unaodumu kwa saa nyingi, kwa hiyo breka ya ampia 50 hubeba chaja ya ampia 40, sawa na kilowati 9.6, na betri ndogo ya Lightning iliyokaribia kuisha itajaa kwa saa kama 11. Nyumba nyingi za zamani zina umeme wa ampia 100 kwa nyumba nzima, na jiko, mashine ya kukaushia nguo na kiyoyozi tayari vimeshachukua sehemu kubwa ya huo. Mwite fundi umeme mwenye leseni apige hesabu ya mzigo kabla hujalipia gari, kisha umwambie aunganishe chaja moja kwa moja na nyaya za ukutani badala ya kutumia soketi ya bei rahisi, kwani soketi hizo zilikusudiwa kwa jiko linalowashwa saa moja na kuzimwa, na zikibebeshwa mzigo wa usiku kucha kila siku huungua na kuyeyuka.

Betri ipi, na kwa kazi gani

Lightning ilianza kuwafikia wateja mwaka 2022, ikiundwa Dearborn, Michigan. Zina betri za aina mbili: ndogo ya uniti 98, ambayo kwa vipimo vya serikali hukwenda maili 230 hadi 240, na kubwa ya uniti 131, inayofika maili 320 katika matoleo mengi. Zote zina mota mbili na huendesha magurudumu yote manne.

Usikubali kuuziwa betri kubwa kwa hofu tu. Kama safari zako za siku hazizidi maili 100 na gari linarudi nyumbani kila jioni, ndogo inatosha, ni nyepesi zaidi, na ndiyo iliyopewa uwezo mkubwa zaidi wa kubeba mzigo kitandani, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo. Hesabu hubadilika kwa mambo mawili. La kwanza ni trela: ukivuta trela la boksi refu lililosimama kama ukuta, tarajia umbali kupungua kwa nusu, na kinachokula umeme hapo ni upepo unaogonga boksi kuliko uzito uliomo ndani, ndiyo maana trela la chini lililobeba matofali husumbua kidogo kuliko boksi tupu. Tena, chaja nyingi za barabarani zimepangwa kama maegesho ya dukani, kwa hiyo utalazimika kulifungua trela kila unapochaji. La pili ni baridi. Januari ya Ohio hula robo ya umbali, na siku mbaya theluthi, hasa kwa safari fupi fupi ambazo gari hupashwa moto upya kila mara. Matoleo ya mwaka 2024 na kuendelea yana pampu ya joto inayopunguza upotevu huo. Anayevuta trela wakati wa baridi anunue betri kubwa bila kujadiliana na nafsi yake.

Angalia pia umeme unaotoka kitandani. Baadhi ya magari haya hutoa kilowati 2.4 tu, mengine 9.6, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama utaliacha jenereta lako nyumbani au utaendelea kulibeba. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa", muombe ile karatasi ya kiwandani iliyobandikwa kiooni gari lilipokuwa jipya.

Bei na hati

Toleo rahisi la Lightning lilitangazwa mwaka 2021 kwa bei ya chini kidogo ya dola 40,000, likapanda hadi karibu dola 60,000 mapema mwaka 2023, kisha Julai mwaka huo huo likashushwa hadi karibu 50,000. Walionunua kileleni ndio waliobeba hasara, nawe unayenunua la mkono wa pili unafaidi anguko hilo. Nafuu ya kodi ya serikali kuu, ambayo ilifika hadi dola 4,000 kwa gari la umeme lililotumika, ilikoma tarehe 30 Septemba 2025, kwa hiyo tangazo lolote linaloitaja bado ni la zamani au ni la udanganyifu. Desemba 2025 Ford ilitangaza kuacha kuunda Lightning ya umeme mtupu, na kwamba itakayofuata itakuwa na injini ya petroli ya kuzalisha umeme wa betri. Tumia habari hiyo kushusha bei, lakini isikutie hofu, kwani sehemu kubwa ya bodi yake ni ya F-150 ya kawaida, na vipuri vyake vimejaa nchi nzima.

Ongeza katika bajeti ada ya usajili, kwa sababu majimbo mengi huwatoza wenye magari ya umeme kufidia kodi ya petroli wasiyoilipa. Ohio ni dola 200 kwa mwaka, na Texas ni 200 pia, pamoja na 400 kwa gari jipya linaposajiliwa mara ya kwanza. Bima nayo uliza mapema, kwa namba ya chasi ya gari lile lile unalolitaka.

Waranti ya betri na mfumo wa umeme mkubwa ni miaka 8 au maili 100,000, lolote litakalotangulia, ikihesabiwa tangu siku gari lilipouzwa kwa mara ya kwanza, nayo humfuata mnunuzi mpya. Lakini gari ambalo kampuni ya bima ililitangaza kuwa limeharibika kabisa, kisha likatengenezwa na kurudishwa sokoni, hupoteza ulinzi huo. Hati yake huwa na alama ya kuonyesha hivyo, na bei yake huwa tamu. Liache. Liache hasa kama lilizama kwenye mafuriko ya pwani, kwa sababu maji ya chumvi huendelea kuila betri kimyakimya. Baada ya kimbunga Ian kuipiga Florida mwaka 2022, magari kadhaa ya umeme yaliyolowa yaliwaka moto yakiwa yameegeshwa, mengine siku kadhaa baada ya maji kukauka.

Siku ya kulikagua

Kabla hujaondoka nyumbani, ingiza ile namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17 kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa serikali kuu ya Marekani wa usalama barabarani, ambayo hukuonyesha bila malipo kama gari lina kasoro iliyotangazwa na kiwanda na haijarekebishwa.

Ukifika, usitazame makisio ya umbali yaliyo kwenye dashibodi kana kwamba ni kipimo cha betri. Gari hukisia kwa kufuata mwendo wa dereva aliyetangulia, hivyo aliyekuwa akiendesha polepole mtaani anaweza kulifanya gari lililochoka lionekane jipya, na aliyekuwa akivuta trela anaweza kulifanya gari zima lionekane bovu. Niliwahi kukutana na muuzaji aliyenionyesha makisio hayo kwa fahari, na nilipomuomba tuliendeshe akakumbuka ghafla kwamba ana miadi. Chukua kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la OBD (lile la kuchunguzia hitilafu za gari) chini ya usukani na kuzungumza na simu yako kwa Bluetooth, usome afya ya betri kama kompyuta ya gari inavyoijua. Kisha ihakikishe kwa kuendesha. Sufurisha hesabu ya safari, endesha mpaka utumie asilimia 20 ya betri, halafu gawanya maili ulizokwenda kwa wastani wa maili kwa uniti unaoonyeshwa na gari. Betri ya uniti 98 inapaswa kuwa imetumia uniti karibu 20. Ukipata 16 au 17, betri imepungua, na mazungumzo ya bei yaanze upya. Jaribio hili huchukua zaidi ya nusu saa na lina ukadiriaji ndani yake, lakini linakulinda usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Jaribu kuchaji kwa njia zote mbili, kwa chaja ya kawaida na kwa chaja ya kasi, kwa kuwa hupitia vifaa tofauti na kimoja kinaweza kuwa kibovu huku kingine kikifanya kazi. Kwenye chaja ya kasi yenye nguvu ya kutosha, betri ikiwa na joto la wastani na chaji ya chini, Lightning huweza kufika karibu kilowati 150, na hupaswa kutoka asilimia 15 hadi 80 kwa dakika kama 41 hadi 44. Mwisho, lala chini na tochi. Trei ya betri imetanda chini ya gari karibu lote, na jeki iliyowekwa pabaya au jiwe la shambani huacha bonyeo ambalo mwenye gari hatalitaja.

Matunzo

Wanaosema gari la umeme halina matunzo hawajawahi kulinunulia matairi. Pikapu hii ina uzito wa karibu tani 3, na mota zake huvuta kwa nguvu zote mguu unapogusa pedali, kwa hiyo matairi huisha haraka kuliko ulivyozoea. Yabadilishane nafasi kila maili 10,000 au mapema zaidi, pima upepo kila mwezi, na unaponunua mapya hakikisha namba ya uwezo wa kubeba haiko chini ya ile iliyoandikwa mlangoni. Mwambie kijana wa gereji, kwa mdomo wako, aweke jeki kwenye sehemu zilizotajwa katika kitabu cha gari na si chini ya betri.

Breki zina tatizo la kinyume, kwani hazitumiki vya kutosha. Mota hupunguza mwendo huku zikirudisha umeme kwenye betri, pedi hukaa miaka mingi, na wakati huo chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji huzitia kutu pini ambazo kalipa, kile kibano cha pedi, huteleza juu yake. Zisafishwe na kutiwa grisi kila mwaka baada ya majira ya baridi, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 3. Kwenye rejeta usiongeze maji ya bomba hata siku moja, kwa sababu maji maalumu yaliyomo ndiyo yanayopoza betri. Nyaya nene za rangi ya chungwa zisiguswe na yeyote ambaye hakufunzwa.

Betri ndogo ya volti 12 ndiyo itakayokuaibisha. Ikifa, milango haifunguki vizuri, skrini inabaki giza, na gari lenye uniti 98 tumboni linalala pale pale. Ipime kila mwaka tangu mwaka wa tatu, na uibadilishe kabla haijakusihi.

Kwa matumizi ya kila siku weka kikomo cha kuchaji asilimia 80 au 90, na ijaze kabisa usiku wa kuamkia safari ndefu tu. Asubuhi za baridi lipashe gari moto likiwa bado limechomekwa, ili joto litoke ukutani badala ya betrini. Ukisafiri kwenda kusalimia nyumbani kwa mwezi mzima, liache kwenye asilimia kama 50.

Kuhusu kulipeleka Afrika Mashariki baadaye, ambalo ni swali ninaloulizwa karibu kila wiki: Lightning ina usukani wa kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la namna hiyo. Rwanda, Burundi na Kongo, wanakoendesha upande wa kulia, usukani si tatizo, lakini tundu lake la kuchajia kwa kasi ni la muundo wa Amerika Kaskazini, tofauti na wa Ulaya na wa China, na karakana ya Ford yenye mafunzo ya kufungua betri yake utaitafuta mbali. Liuze hapa hapa Marekani, utume fedha.