SOMO: Kuazima probu ya kupima maji kwa ajili ya utafiti, toka barua hadi kurudisha

Kila vijana wa shahada ya pili wanapokaribia kwenda fildi, swali ni lile lile: "Mkuu, ile mashine ya kupima maji naipataje?" Nimelijibu hadi nimechoka, basi naliandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakuelekeza hapa.

Nazungumzia probu ya vihisi vingi, ile inayosoma pH (kiwango cha asidi au alikali), oksijeni iliyoyeyuka, kondaktiviti (uwezo wa maji kupitisha umeme) na jotoridi kwa mpigo mmoja. Ni ghali, idara nyingi zina moja au mbili tu, na kiangazi inagombaniwa.

1. Jua unapima wapi. Uliza urefu wa waya. Ziwa Victoria lina kina cha hadi kama mita 80, Tanganyika linafika 1,470. Waya wa mita nne utakupa habari za maji ya juu tu.

2. Barua. Iandikwe na msimamizi wako, ipitie kwa mkuu wa idara, itaje tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, mahali, na nani atalipa kikiharibika.

3. Muone fundi sanifu wa maabara kabla barua haijamfikia. Yeye ndiye anayejua ipi inafanya kazi na ipi imekaa kabatini kama pambo. Muheshimu, msikilize.

4. Makabidhiano. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Usibebe begi likiwa limefungwa. Lifungue pale pale mezani, fundi akiwepo. Tumbukiza probu kwenye bafa (myeyusho ambao pH yake inajulikana) ya pH 7, halafu ya 4 au ya 10, na usiangalie pH peke yake, angalia milivolti. Kwenye 7 elektrodi nzima, yaani kihisi cha pH kisicho na kasoro, husoma karibu na milivolti 0. Kutoka 7 kwenda 4 tofauti iwe kati ya 165 na 180 hivi. Ikishuka chini ya 160, elektrodi imezeeka. Kondaktiviti ihakikiwe kwa myeyusho wa maikrosimensi 1,413 kwa sentimita. Oksijeni: weka maji kidogo ndani, chini kabisa ya kikombe cha kalibresheni (kurekebisha mashine isome sawa na kipimo kinachojulikana), vihisi visiguse maji, kifuniko kilegee, subiri dakika kumi hadi kumi na tano, usome asilimia 100. Namba zote hizo ziandikwe kwenye fomu, msaini wote wawili. Piga picha namba ya kifaa iliyobandikwa mgongoni, picha ya kila kihisi, picha ya maungio ya waya na mpira wake.

Nimeshuhudia mwanafunzi akilipishwa elektrodi iliyokufa kabla hajaishika, kwa sababu fomu iliandikwa "kizima" naye akasaini. Na pesa ni nusu ya hasara. Mtahini akikuuliza kalibresheni ya siku ya kwanza huna cha kumuonyesha, basi data zako zote zinaning'inia.

ONYO: kifuniko cha elektrodi ya pH kisiwe kikavu hata siku moja. Na usikijaze maji ya betri ukidhani ni masafi hivyo ni salama, yanaiua taratibu. Tia myeyusho wa KCl (kloridi ya potasiamu) wa molari 3. Ukiukosa, bafa ya pH 4 itakusogeza.

ONYO la pili: ukikuta kihisi kibovu, usikubali neno "kitakaa sawa ukifika". Kiandikwe, au ubadilishiwe.

5. Safari. Kwenye basi probu inakaa mapajani, si kwenye buti. Kwenye ndege, betri za akiba za lithiamu huingia nawe ndani, si kwenye mzigo wa chini.

6. Fildi. Kalibresheni kila asubuhi, uiandike daftarini.

7. Kurudisha. Ioshe, rudia vipimo vya hatua ya 4 mbele ya fundi yule yule, mlinganishe. Rudisha siku uliyoandika. Kuna mwenzako anaisubiri.

---

MAMBO YALIYOULIZWA

Kijana wa Kasulu: Mkuu naomba namba ya mtu anayekodisha, niende wiki hii. Barua nitaleta baadaye.

Jibu: Hapana. Soma hatua ya 2.

Kijana wa Kasulu: Sasa si unisaidie tu, mbona unakaza hivyo?

Jibu: Nimeshakusaidia, yameandikwa hapo juu. Anayekupa kifaa cha idara bila barua atakuja kuulizwa yeye. Simtaji mtu.

Mama Neema: Shikamoo. Mimi naenda Ziwa Natron. Nimesikia pH yake inapita 10. Je, bafa za 4 na 7 zinatosha?

Jibu: Marahaba, dada, swali zuri sana. Hazitoshi. Kalibresheni isogee karibu na pale unapopima, kwa hiyo tumia 7 na 10. Hata hivyo jihadhari: maji yenye sodiamu nyingi na pH kubwa huifanya elektrodi ya kioo isome chini ya hali halisi. Uliza mapema kama idara ina elektrodi ya pH kubwa, na kwenye ripoti uitaje aina uliyotumia. Kondaktiviti nayo inaweza kupita uwezo wa mashine, probu nyingi huishia milisimensi 200 kwa sentimita. Angalia kitabu cha kifaa kabla hujasaini. Na oksijeni kwa miligramu hukokotolewa kwa kutumia chumvi, kwa hiyo hakikisha mashine imepewa chumvi sahihi, la sivyo itakupa namba kubwa kuliko iliyomo.

Mama Neema: Asante sana. Na mwinuko una athari?

Jibu: Kubwa. Usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 25 hushika oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita. Mwanza, mita 1,134 juu, ni kama 7.2. Kalibresheni ya oksijeni irudie ukishafika, kwa shinikizo la hewa la pale, lisiwe lile la ripoti ya hali ya hewa ambalo limeshageuzwa kuwa la usawa wa bahari.

Mdau wa Ujiji: Profesa wetu wa nje anatuazima yake. Forodha itakuwaje?

Jibu: Iingie kwa uingizaji wa muda. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inauruhusu, kwa kipindi kisichozidi miezi 12, na unaweza kudaiwa dhamana. Tafuta wakala kabla mzigo haujasafirishwa. Namba ya kifaa kwenye nyaraka ifanane na iliyo mgongoni, tarakimu kwa tarakimu, maana wakati wa kuitoa ndiyo wanayoikagua. Profesa mwenyewe akija kutafiti, kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) aanze nacho mapema.

Fundi Maabara: Niongeze moja. Mwambieni kila anayeazima aje na bafa zake. Sisi zinatuishia, na mtu akimimina iliyotumika kurudi kwenye chupa anawaharibia wote.

Jibu: Nakubaliana nawe kaka. Mimina kiasi kwenye kikombe kidogo, ukimaliza imwage. Na chupa iandikwe tarehe iliyofunguliwa, hasa ya pH 10, inavuta hewa ya kaboni na kushuka upesi.