Kuuza leso kwa simu ya intaneti: ninavyoipanga laini ya duka

Leso haiuziki kwa picha peke yake. Mteja akishaitazama katalogi hupiga simu: nisomee jina lake, pindo lina korosho au maua, huo wekundu ni damu ya mzee au ni wa kuwaka? Mimi nauza mtandaoni nikiwa Mombasa, mali naitoa Biashara Street, na wateja wangu wako Nairobi, Muscat, Dubai na Minneapolis. Ningekuwa nawapigia wote kwa dakika za kawaida, faida ingeishia kwa kampuni ya simu. Kwa hivyo nategemea intaneti, na mpango wenyewe ni huu.

Tenga kwanza laini ya duka. Ukiuzia kwa namba ya nyumbani, jamaa watapiga wakati wa mteja na mteja atapiga wakati wa futari. Weka WhatsApp Business kwenye laini hiyo mpya. Ni ya bure, na inakaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida mradi namba ziwe mbili. Hata namba ya simu ya mezani inakubali: unachagua kupigiwa badala ya kutumiwa ujumbe, ukasomewa tarakimu. Kabla hujaitangaza namba popote, washa uthibitisho wa hatua mbili, ule wa PIN ya tarakimu sita. Akikupigia mtu kwa sauti tamu akaomba tarakimu ulizotumiwa, kata. Akishaiteka namba, atapokea pesa za wateja wako nao wakidhani wanakulipa wewe.

Namba iandike kwa +254, si kwa 07. Mama aliye Muscat akibonyeza 07 hafiki popote. Kiungo cha kumfungulia mteja gumzo lako la WhatsApp kinaanza kwa wa.me/ kisha 254 na namba yako, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Tengeneza pia majibu ya haraka: ukiandika mkwaju (/) na neno fupi, programu inakuletea maelezo yote. Langu la “/tuma” linaeleza mzigo unavyosafiri kwa basi hadi Nairobi na mteja anavyoupokea.

Sasa Ghuba, maana huko ndiko wauzaji wengi wanakopoteza wateja bila kujua. Katika Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimefungwa, na Oman nako usizitegemee. Mteja anapiga, haipiti, anadhani umemkatia. Ila ujumbe, picha na sauti za kurekodi zinapita vizuri. Wa Dubai wengi wanatumia BOTIM, programu ya kupiga simu kwa intaneti ambayo inaruhusiwa kule, nami ninayo kwa ajili yao. Usimshauri mteja atafute VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao. Kule inaweza kumtia matatani kisheria, na doti moja ya leso haina thamani hiyo. Mimi narekodi sauti isiyozidi dakika moja: salamu, namba ya leso kwenye katalogi, jina lake nikilisoma polepole, bei pamoja na kutuma, halafu swali moja la kujibiwa. Swali ni muhimu. Bila swali mteja atasikiliza, atafurahi, na atanyamaza.

Saa nazo zijue. Muscat na Dubai wametutangulia kwa saa moja tu. Minneapolis, ikiwa kwetu ni saa tatu usiku, kwao ni saa saba mchana majira ya joto na saa sita mchana majira ya baridi. Huo ndio wakati wangu wa kuwapigia, wako kwenye chakula.

Ninasaidiwa na binti wa kaka yangu. WhatsApp inakuruhusu kuunganisha vifaa vinne zaidi ya simu kuu, kwa hiyo yeye anajibu kwenye kompyuta. Simu kuu isikae zaidi ya siku 14 bila kufunguliwa, la sivyo vifaa vyote vinatolewa.

Hadi hapo hujalipa mtu. Mkiwa na wateja wanaotaka namba ya kupiga bila data, na wapokeaji ni zaidi ya mmoja, hapo tafuta huduma ya SIP, yaani namba ya simu inayopita kwenye intaneti. Mtoa huduma atakupa namba, jina la mtumiaji, nenosiri na anwani ya seva. Unavijaza kwenye programu ya kupigia simu kama Linphone au Zoiper, na simu yako ya kawaida inageuka simu ya ofisi. Africa's Talking ya Nairobi nayo inatoa huduma ya sauti, ila inamfaa zaidi aliye na mtu wa kumwandikia programu. Mimi nimepanga simu ilie kwangu, nisipopokea ilie kwa binti. Zile za “bonyeza moja, bonyeza mbili” waachie benki, mnunuzi wa leso anataka kusikia “Salaam aleikum, mama, leso za Mombasa hapa.”

Matatizo mengi ya SIP yana dawa fupi. Simu hailii mpaka ufungue programu? Android inailaza ili kuokoa betri. Nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu programu ifanye kazi bila kizuizi. Wewe unamsikia naye hakusikii? Ingia kwenye mipangilio ya ruta uzime SIP ALG, kipengele kinachovuruga simu za SIP. Kasi si hoja kubwa: simu ya G.711, mfumo wa kawaida wa kubeba sauti, inatumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, yaani kama MB 1.3 kwa dakika pande zote mbili. Kinachokata maneno ni intaneti inayoyumba, hasa kukiwa na mtu ndani anayetazama video. Kompyuta ichomeke kwa waya. Ruta inunulie UPS ndogo, betri ya akiba, maana stima ikipotea waifai hupotea nayo.

Laini ya kawaida usiifute. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora.

Ukirekodi mazungumzo, mwambie mteja mwanzoni kabisa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sauti ya mtu ni data yake. Na nenosiri la SIP liwe refu. Wezi hulitafuta ili wapige namba ghali za ng'ambo usiku kucha, bili ije kwako. Chukua akaunti ya kulipia kabla, weka kiasi kidogo, na mwombe mtoa huduma afunge nchi zote ambazo huna mteja. Yangu inapiga Kenya, Oman, Falme za Kiarabu na Marekani tu. Akitokea mteja wa kwingine, naomba nchi yake ifunguliwe siku hiyo.