Jinsi ya kuijua historia ya waliotengeneza GTA kwa kucheza magemu yao

Kama na we uliandika chiti (zile kodi za siri za kurahisisha gemu) za GTA San Andreas nyuma ya daftari la hesabu, basi Rockstar North, studio iliyotengeneza GTA (Grand Theft Auto), unawajua ila walikotoka labda hujui. Walianza mwishoni mwa miaka ya 80 kule Dundee, Uskoti, jamaa anaitwa David Jones na washkaji zake, studio ikiitwa DMA Design. Historia yao ukiisoma inachosha, mara wameuzwa huku mara kule, we icheze tu.

Anza na Lemmings ya 1991, usiiruke hata kama unaiona ya kitoto. Vidude vya nywele za kijani vinadondoka toka mlangoni juu vinatembea tu, kuna shimo vinaingia, kuna moto vinaingia, we unambonyeza mmoja mmoja unampa kazi, huyu achimbe, huyu ajenge ngazi, huyu asimame azuie wenzake. Ukikwama kabisa bonyeza kitufe cha bomu mara mbili, kila kichwa kinahesabu kuanzia tano halafu pa! Hiyo raha ya kuangalia vurugu ishike, utakutana nayo tena.

Halafu GTA ya kwanza, 1997. Unaona mji kwa juu, ukikimbiza gari kamera inapanda. Misheni ziache kwanza, iba gari ugonge polisi. Mwanzoni hii ilikuwa gemu ya kufukuzana na polisi inaitwa Race'n'Chase na ilikuwa inaboa, waliokuwepo wanasimulia kwamba kuna kosa la programu liliwafanya polisi wawe vichaa wanakuvaa kama hawakuoni, watu wakanogewa, ikaachwa hivyohivyo. Cheki na majina ya miji: Liberty City, San Andreas, Vice City, yote yalishakuwepo humo!

Body Harvest ya Nintendo 64, 1998, nusu saa inatosha, uone tu walivyoanza kukuachia uingie kwenye magari ndani ya 3D. Kisha GTA III ya 2001 kwenye PlayStation 2. Jina la Rockstar North lilikuja 2002, wakiwa Edinburgh.

Malizia na San Andreas yako ya siku zote, ila bila chiti. Chukua gari liweke katikati ya barabara, shuka, kaa pembeni. Foleni, honi, matusi. Hilo gari lako ndo yule lemming wa kuzuia wenzake.